Wi-Fi ya watu 800 katika ukumbi mmoja: kabla hujaongeza ruta

Swali la msomaji: "Mtaalamu, habari za kazi. Tunaandaa mafunzo ya siku mbili ya watu 800 katika ukumbi mmoja, na kila asubuhi wote hufungua jaribio la mtandaoni kwa wakati mmoja. Awamu iliyopita tulilipia laini ya 500 Mbps, tukafunga ruta nane za kawaida za nyumbani, zote zikichukua anwani kutoka ruta kuu moja. Nguvu tulipandisha mpaka mwisho. Majina ya mtandao yalikuwa manne: la washiriki, la wakufunzi, la wafanyakazi na la waandishi wa habari. Nusu saa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Baadaye waliochelewa wakawa wanaona wameunganishwa lakini hawana intaneti, na waliokuwa ndani wakaanza kutupwa nje. Fundi anashauri ruta ziwe 20 na laini iwe ya 1 Gbps. Itatosha?"

Salama, na pole kwa asubuhi hiyo. Mwombe fundi asubiri kidogo. Ruta 20 zikifungwa kwa mtindo ule ule zitaleta hali mbaya kuliko ya ruta nane, na hiyo 1 Gbps mtailipia bure.

Tuanze na laini, maana hesabu yake ni fupi. Tuseme ukurasa wa jaribio pamoja na picha zake una megabaiti 2. Watu 800 wakiufungua kwa mpigo ni megabaiti 1,600, yaani megabiti 12,800. Laini ya 500 Mbps inaumeza mzigo huo kwa sekunde 26 hivi. Ongeza simu zinazopakua mambo yake kimyakimya, bado hupati mzigo wa kuwatupa watu nje asubuhi nzima. Naamini sehemu kubwa ya laini yenu ilikaa bila kazi huku ukumbi ukilalamika. Muulize tu mtoa huduma kasi ya kupandisha ni ngapi, kwa sababu mara nyingi namba inayotangazwa ni ya kushusha peke yake, na watu 800 wenye simu hupandisha picha na video kuliko unavyodhani.

Kilichowaangusha kina sehemu mbili, na dalili ulizozitaja zinazitenganisha vizuri.

Wale waliounganishwa bila kupata intaneti walikosa anwani za IP, yaani namba ambazo kila kifaa hupewa ili kiwasiliane mtandaoni. Ruta ya nyumbani kwa kawaida imepangwa kugawa anwani zisizozidi 254, na moja kati ya hizo ni ya ruta yenyewe. Ninyi mlikuwa na watu 800. Ukikadiria kila mmoja ana simu na nusu yao wana kompyuta mpakato, hivyo ni vifaa 1,200. Zaidi ya hapo, ruta nyingi hukopesha anwani kwa saa 24, hivyo aliyepita mlangoni, simu ikajiunga, akaondoka zake, ameondoka na anwani mpaka kesho. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia anwani bandia ya kifaa (utambulisho wake, si ile ya IP) kwa kila jina la mtandao. Mshiriki aliyejaribu jina la washiriki, kisha akajaribu la wakufunzi, alihesabiwa kama vifaa viwili na akachukua anwani mbili. Tiba yake haina gharama kubwa. Panga mtandao mpana zaidi, wa /21, unaotoa anwani 2,046, na mkopo wa anwani uwe wa saa moja au mbili. Ruta yenu ya nyumbani huenda ikakubali mpangilio huo kwenye skrini kisha ikaelemewa kazini. Tutarudi kwake.

Sehemu ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayohusu ruta zenyewe.

Kwenye chaneli moja ya Wi-Fi, yaani kipande kimoja cha masafa ya redio, kwa kawaida kifaa kimoja tu hurusha kwa wakati mmoja, kiwe simu au kituo chenyewe, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi kama zile ruta zenu. Vingine vyote vinavyokisikia hunyamaza na kusubiri zamu. Ni mkutano wenye kipaza sauti kimoja: wajumbe wakiongezeka, foleni ndiyo inayorefuka. Kwa hiyo kinachogombaniwa ukumbini mwenu ni muda wa hewani, na kila uamuzi wa kupanga Wi-Fi ya watu wengi huishia kwenye swali moja: je, hili linaokoa muda wa hewani au linaula?

Tazama mfano. Pakiti (kifurushi cha data) ya kawaida ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Simu iliyo karibu na kituo, ikiongea kwa 150 Mbps, inaimaliza kwa milisekunde 0.08. Iliyo mbali, ikiongea kwa 6 Mbps, inahitaji milisekunde 2, yaani mara 25 zaidi, kwa kazi ile ile. Kwenye bendi (kundi la chaneli) ya 2.4 GHz bado ruta hukubali 1 Mbps, kasi ya kiwango cha kwanza cha Wi-Fi cha mwaka 1997, na hapo pakiti hiyo moja inakula milisekunde 12. Simu moja iliyojibanza nyuma kabisa ya ukumbi inaweza kuwatesa watu hamsini wanaokaa chini ya kituo.

Sasa yaangalie yale majina manne. Kila kituo hutangaza kila jina lake kila baada ya milisekunde 102.4, kama mara 10 kwa sekunde, hata kama hakuna mtu anayelitumia. Tangazo la baiti 300 hivi likirushwa kwa 1 Mbps linachukua milisekunde 2.4, na matangazo 10 ni milisekunde 24, yaani asilimia 2.4 ya kila sekunde. Inaonekana kidogo. Lakini 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, hivyo ruta zenu nane zilikaa karibu tatu kwa kila chaneli, na zilikuwa zikisikiana zote. Tatu mara majina manne ni matangazo 12, na hapo karibu asilimia 30 ya muda wa hewani imekwisha kabla mshiriki wa kwanza hajafungua chochote. Ruta 20 zingefikisha sita au saba kwa kila chaneli, na asilimia 60 hivi ingeishia kwenye matangazo matupu. Ndiyo maana nimesema fundi asubiri.

Wafanyakazi na wakufunzi wanaweza kutumia jina moja lenye nenosiri lao, na waandishi wakae na washiriki. Majina mawili yanatosha kabisa. Kila anayeomba jina lake la pekee, muulize linamsaidia nini ambacho nenosiri tofauti halitampa.

Kuhusu nguvu, hapa watu wengi hubisha. Kupandisha nguvu ya kituo kunafanya simu ikisikie kituo vizuri, lakini hakuifanyi simu ipaze sauti. Redio ya simu ni dhaifu, betri yake ni ndogo. Matokeo yake ni kwamba mtu wa mbali anaona alama ya Wi-Fi imejaa, simu inakisikia kituo, lakini kituo hakiisikii simu. Wakati huohuo kituo kinachopiga kelele kinasikika na vituo vingine vya chaneli hiyo, navyo vinakaa kimya kumpisha. Na jambo la tatu: ni simu inayoamua lini ihamie kituo kingine, kituo kinaweza kushauri tu. Ukiweka kituo chenye nguvu mlangoni, simu 300 zitajiunga nacho wakati watu wanaingia, kisha watu watakwenda kukaa mbele na simu zitaendelea kukishikilia kwa sababu bado zinakisikia. Kwa ukumbi wenye msongamano mimi huanzia 10 mpaka 14 dBm (kipimo cha nguvu ya redio) kwenye 5 GHz. Ruta inayopigishwa mpaka mwisho huwa 20 dBm au zaidi, na kila namba hiyo ikiongezeka kwa 10, nguvu huwa mara kumi.

Pamoja na kushusha nguvu, zima kasi za chini. Kwenye 5 GHz weka kima cha chini cha 12 au 24 Mbps, na kwenye 2.4 GHz zima 1, 2, 5.5 na 11 Mbps. Kifaa kilicho mbali kitashindwa kujiunga na kituo hicho na kitalazimika kutafuta cha karibu, ndilo tunalolitaka. Matangazo nayo yakirushwa kwa 24 Mbps yanachukua milisekunde 0.1 badala ya 2.4. Hakuna mpangilio mmoja unaorudisha muda mwingi hivi kwa kubofya mara moja, na ruta nyingi za nyumbani hazikupi nafasi ya kuubofya.

Tukaze mawazo kwenye 5 GHz, maana 2.4 kwa watu 800 ni ya kuokotea vifaa vya zamani tu. Iwashe kwenye vituo vitatu au vinne, kwingine izime. Kwenye 5 GHz idadi ya chaneli hutegemea sheria za masafa za nchi: kwa upana wa 20 MHz, Marekani kuna 25, na sehemu kubwa ya Ulaya kuna 19. Ukitumia upana wa 80 MHz, ambao ruta nyingi hujipangia zenyewe zitokapo kiwandani, zinabaki 6 au 4. Upana mkubwa unapendeza kwa mtu mmoja anayepima kasi katika ukumbi mtupu. Watu wakijaa, chaneli 16 nyembamba zinabeba foleni 16 zinazokwenda sambamba, na nne pana zinabeba foleni nne. Tumia 20 MHz, wala usishawishike vinginevyo.

Nyingi ya chaneli hizo hushirikiana na rada. Kituo lazima kisikilize angalau dakika nzima kabla ya kuanza kurusha humo, na kikihisi rada kihame mara moja. Karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa hilo hutokea kweli. Washa vituo siku kadhaa kabla ya tukio, usome kumbukumbu zake, na chaneli iliyokimbiwa uiondoe kwenye orodha. Bendi ya 6 GHz, iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020, ina nafasi nyingi na haina usumbufu huo. Kama nchi yenu inairuhusu, iwasheni, lakini msiipangie hesabu: simu nyingi za washiriki hazitaiona.

Vituo vingapi basi? Huwa nahesabu kwa njia mbili nichukue kubwa. Ya kwanza ni mzigo: katika vifaa 1,200, tuseme asilimia 40 vinavuta data saa ya kilele, ni 480, na kila kimoja kwa wastani wa 1 Mbps, ni 480 Mbps. Redio ya 5 GHz, moja kwa kila kituo, kwenye chaneli ya 20 MHz, penye mchanganyiko wa simu mpya na za zamani, naikadiria kutoa 60 Mbps halisi; usiamini namba ya kwenye boksi. Hapo zinatosha redio 8. Ya pili ni vichwa: sipendi redio moja ibebe vifaa vilivyounganishwa zaidi ya 75, ingawa mtengenezaji ataandika mamia. Kwa vifaa 1,200 zinahitajika redio 16. Chukua 16. Kila moja inapata chaneli yake peke yake hata pale penye 19 tu, na hakuna inayompisha mwenzake.

Makadirio haya ni ya tukio lenu. Kwa mkutano ambao kila mtu ana kompyuta mezani na anatazama video, ningepandisha wastani wa kila kifaa. Kwa uwanja wa michezo ambako watu 30,000 wanapandisha picha dakika ile ile, mbinu zenyewe hubadilika, na chaneli lazima zirudiwe.

Pa kufunga vituo pana umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Mwili wa binadamu ni maji, na maji hunywa mawimbi haya. Ukumbi ulioupima mtupu si ukumbi utakaoutumia. Kituo kilichowekwa juu ya meza kinaona mabega ya watu wa mstari wa kwanza na basi. Weka darini, kikitazama chini, juu ya vichwa vya watu. Dari likiwa refu sana, antena ya kawaida itamwaga mawimbi ukumbi mzima, hivyo tafuta antena ya mwelekeo inayomulika eneo lake tu. Baadhi ya viwanja vya michezo hufanya kinyume: hufunga vituo chini ya viti, miili ya watazamaji iwe kuta zinazotenganisha vituo. Ni ujanja mzuri, ila kwa ukumbi wa siku mbili ni kazi nyingi bure. Usifunge vituo kwenye korido. Simu zitaendelea kuvishikilia hata watu wakishaingia ukumbini na mlango kufungwa.

Kila kituo kipate waya wake mpaka kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao. Kuviunganisha vituo vyenyewe kwa vyenyewe bila waya ni kulipia pakiti moja mara mbili kutoka kwenye muda ule ule wa hewani. Kebo isizidi mita 100. Kama umeme unapita kwenye kebo hiyohiyo, soma jumla ya wati ambazo swichi inaweza kutoa: yenye milango 24 inaweza kutangaza wati 30 kwa mlango na bado jumla yake ikawa 370, ambayo kwa kiwango hicho inatosha milango 12 tu, nusu ya milango yote. Vituo vya mwisho kuwashwa vitazimika au vitafanya kazi kwa kujikongoja, na utatafuta kosa mahali pengine.

Mtoa mada, kamera ya matangazo ya moja kwa moja na meza ya usajili waende kwa waya. Hili halina mjadala.

Turudi kwa ruta kuu. Simu moja hufungua miunganisho mingi kwa pamoja, hata hamsini, ukihesabu programu zinazojisasisha zenyewe. Vifaa 1,200 ni miunganisho 60,000, na ruta ya nyumbani inaweza kujaza jedwali lake na kuanza kuwatupa watu mapema zaidi. Naamini hiyo ilichangia kuwatoa waliokuwa ndani. Kodisha ruta ya ofisi kubwa kwa siku hizo, yenye kumbukumbu ya kutosha na uwezo wa kujibu majina ya tovuti papo hapo badala ya kuuliza nje kila mara. Wekea kila kifaa kikomo cha 5 Mbps. Zuia vifaa vya washiriki kuonana, maana ujumbe unaotumwa kwa wote hurushwa kwa kasi ya chini na unakula muda wa kila mtu. Ukurasa wa kuingilia, ule wa kujaza jina na barua pepe kabla ya kupewa intaneti, uondoe; nenosiri moja lililoandikwa ukutani linafanya kazi hiyo bila kuongeza foleni saa mbaya.

Sasa suala ambalo fundi wa Wi-Fi hawezi kulitatua. Mwenye mfumo wa jaribio ataona maombi ya watu 800 yakitoka kwenye anwani moja ya umma ndani ya sekunde chache, na mifumo mingi ya ulinzi itaamini kwamba inashambuliwa. Itapunguza kasi au itafunga mlango, na ukumbi mzima utasema Wi-Fi mbovu. Mpe anwani yenu mapema, mwombe airuhusu, na mfanye jaribio la uongo mkiwa wote mnatazama. Mwombe pia apunguze picha za ukurasa. Ukiweza, waambie washiriki wafungue ukurasa kwa mafungu ya safu, dakika moja kwa kila fungu. Mbinu hiyo haina kifaa hata kimoja na mara nyingi inashinda kifaa.

Hotspoti za simu za washiriki ni vituo vya Wi-Fi visivyoalikwa. Mwezi Juni 2010, Steve Jobs wa Apple alikwama jukwaani San Francisco akionyesha iPhone 4, na baadaye akaueleza umati kwamba ndani ya ukumbi kulikuwa na vituo vya Wi-Fi 570, vingi vya waliohudhuria wenyewe, kisha akawaomba wavizime. Tangazeni mwanzoni watu wazime, mkieleza sababu. Wi-Fi yenu ikifanya kazi hawatakuwa na haja nayo. Msijaribu kuzivuruga kwa kifaa chochote. Mwaka 2014 Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 kwa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kwa sababu ya kuzuia hotspoti za wageni katika hoteli yake moja.

Kabla ya siku yenyewe, kusanya simu 50 za aina tofauti, zikae chini ya kituo kimoja mikononi mwa watu walioketi, zote zifungue ukurasa wa jaribio kwa pamoja. Usitazame kasi. Tazama asilimia ya muda ambao chaneli imeshikwa: ikipita 60 au 70, kuna kitu cha kupunguza, na mara nyingi ni jina la ziada, kasi ya chini uliyosahau kuizima au hotspoti ya mtu. Tazama pia pakiti zinazorudiwa. Zikiwa nyingi, vituo viwili vinagongana. Siku ya tukio mkataze kila mtu, fundi akiwa wa kwanza, kuendesha vipimo vya kasi ukumbini, kwa sababu kipimo hicho hujaza chaneli kwa makusudi.

Zile ruta nane msizitupe. Zitafaa ofisi za nyuma na chumba cha chakula, kwa jina moja na nguvu iliyoshushwa, kwenye chaneli zisizotumika ukumbini. Ndani ya ukumbi kodisheni vituo 16 vya Wi-Fi 6 vinavyosimamiwa kutoka sehemu moja, na mteueni mtu mmoja wa kukaa mbele ya skrini hiyo siku zote mbili. Awe na ruhusa ya kuzima kituo kinachosumbua bila kuomba kibali, na asibadilishe chaneli wakati jaribio linaendelea, kwa kuwa kila badiliko linaweza kuwaangusha watu 75 kwa mpigo.